Boma la Kale na mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Boma la Kale la Dar es Salaam, alilolijenga Sultani Majid, ni la mwaka 1867. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, jirani yake, lilikamilika 1902. Majengo ya namna hiyo husubiri tangazo la Waziri, na tingatinga halisubiri. Ndiyo maana wasanifu majengo, kupitia chama chao na kwa kushirikiana na Jiji, walifungua ndani ya Boma hilo kituo cha urithi wa usanifu.

Kagera tusidhani hayo ni ya pwani. Misioni ya Kashozi ilianza 1892; boma la Wajerumani la Biharamulo ni la baadaye. Waamini wana haki ya kutamani kanisa kubwa zaidi (kusali nje mvuani si jambo jepesi), ila la zamani lisibomolewe kabla ya kupimwa na kuchorwa. Kanuni ya 1283 humdai msimamizi wa mali za Kanisa orodha kamili ya mali hizo, zikiwemo za kiutamaduni. Halmashauri za parokia zianzie hapo: mwaka wa ujenzi, waliofyatua matofali, paa lilivyoezekwa. Baadhi ya wazee wanaokumbuka wangali hai.