Wageni wa mbio Moshi: bei ya mlangoni yaua biashara ya mwaka

MKIMBIAJI wa nusu marathoni anayefunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi ni mteja ambaye kila mfanyabiashara angependa kumpata. Anakuja kwa hiari yake, ana fedha za matumizi mfukoni, na mara nyingi hafiki peke yake. Amekuja na mke, mume au marafiki watatu, nao wote watakula, watalala na watapanda bajaji. Zaidi ya hayo, siku atakayofika inajulikana miezi mingi kabla.

Mashindano ya Kilimanjaro Marathon yalianza mwaka 2003 na hufanyika Moshi Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Zipo mbio za kilometa 42.2, zipo za kujifurahisha za kilometa 5, lakini zinazovuta mtu wa kawaida ni zile za kilometa 21.1. Wengi wa wanaozikimbia hawatarajii zawadi. Ni watu wa ofisini, wenye maduka na wanafunzi wa vyuo waliofanya mazoezi ya miezi michache, wakaamua kuyageuza mapumziko ya mwisho wa wiki. Wengine huvuka mpaka kutoka Kenya kupitia Holili au Namanga.

Kwa hiyo Moshi hupata kila mwaka kitu ambacho miji mingi midogo nchini inakililia: mahitaji makubwa yenye tarehe. Swali ni namna mji unavyoyapokea. Katika miji yote inayopata umati kwa siku mbili, kishawishi ni kimoja: kumkamua mgeni akiwa tayari mlangoni na mkoba begani, saa nne za usiku, hana pa kwenda. Wapo wanaoita hiyo akili ya biashara. Hesabu inaonyesha vinginevyo.

Hesabu ya gesti ya vyumba kumi

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba 10, inayotoza Sh. 30,000 kwa usiku. Ijumaa na Jumamosi ya mbio vyumba vyote vinajaa. Kwa bei ya kawaida mwenye gesti angepata Sh. 600,000. Akipandisha bei mara mbili atapata Sh. 1,200,000. Faida ya ziada ni Sh. 600,000 kwa siku mbili, na haikumgharimu hata kipande cha sabuni.

Sasa tumtazame wakala wa dawa za mifugo ambaye hulala kwenye gesti hiyo hiyo siku mbili kila mwezi. Huyu kwa mwaka analipa siku 24, yaani Sh. 720,000. Tuseme alipiga simu wiki mbili kabla, akaahidiwa chumba, na alipofika Ijumaa akaambiwa kimechukuliwa na aliyetoa zaidi. Hatagombana. Atatafuta pengine pa kulala, na mwezi unaofuata ataanzia huko huko.

Hata tukitoa Sh. 5,000 kila usiku kwa umeme, maji na kufua mashuka, kinachopotea kwa mteja huyo mmoja, kama chumba chake kitabaki tupu, ni Sh. 600,000. Ni sawasawa na faida yote iliyopatikana kwa kukamua vyumba 10. Akiondoka mteja wa pili wa aina yake, mwenye gesti ameanza kula mtaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha nyingi za mwisho wa wiki ya mbio hupotea kwa njia hii, kwa kuwa hasara haionekani siku ile. Inaonekana Aprili na Mei, masika yanapokolea, wapanda mlima wanapopungua na vyumba vinapokaa na funguo ukutani.

Soko huria lina masharti yake

Yupo atakayejibu kwamba hili ni soko huria. Wageni ni wengi, vyumba ni vichache, basi bei ipande. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Nauli za mabasi zina kikomo kinachowekwa na LATRA, lakini bei ya chumba huamuliwa na soko, na si kosa mwenye mali kupata zaidi siku ambazo mali yake inatafutwa. Wazee wa biashara wanakumbuka mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, jinsi walanguzi walivyosakwa na bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa. Dawa ile haikujaza maduka, na miaka iliyofuata masharti ya biashara yakaanza kulegezwa.

Lakini soko huria linakwenda na mapatano. Bei iliyotangazwa Novemba, hata ikiwa ya juu, mgeni anaweza kuikubali au kuikataa akiwa nyumbani kwake. Anaweza kulinganisha, anaweza kupanga chumba kimoja na mwenzake, anaweza kuamua kulala Arusha, kilometa zipatazo 80, na kuamka usiku. Bei inayopandishwa mlangoni baada ya ahadi haimpi nafasi hiyo. Hapo hakuna soko tena, kwa sababu mnunuzi hana uchaguzi.

Ipo njia ya katikati, nayo ina hesabu yake. Mwenye gesti yule yule atangaze mapema kwamba siku hizo mbili chumba ni Sh. 40,000, achukue arubuni ya nusu kwa simu, atoe risiti, na jina liandikwe kitabuni. Wateja wake wa kila mwezi awabakishie bei yao; wakiwa wawili watatu, pengo ni dogo, na kwa urahisi wa hesabu tuliache. Ziada ni Sh. 200,000. Kisha awauzie wageni usiku wa Jumapili kwa bei ya kawaida. Vyumba vitano vikikubali, ni Sh. 150,000 nyingine. Na ikiwa wageni watatu watarudi miezi ya masika kwa siku mbili kila mmoja, zinaongezeka Sh. 180,000. Jumla Sh. 530,000. Toa gharama za siku 11 za nyongeza, Sh. 55,000, zinabaki Sh. 475,000.

Ni pungufu ya ulanguzi kwa Sh. 125,000. Mfanyabiashara ajiulize kama hiyo ni bei kubwa ya kubaki na wateja wake wote wa mwaka.

Jumapili isiyouzwa

Usiku wa Jumapili unastahili kutazamwa zaidi. Mbio huanza asubuhi na mapema kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini. Ikifika saa sita mchana wengi wamemaliza, miguu imekaza, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500. Mtu huyo yuko tayari kabisa kuuziwa mapumziko, lakini hakuna anayemwendea. Anaingia kwenye basi akiwa bado na fedha ambazo Moshi ingezipata.

Bidhaa zipo. Kuna maporomoko ya Materuni, maji ya Chemka, njia ya Marangu, na kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele ya mgeni kijijini. Kuna mtori na machalari, vyakula ambavyo mgeni wa Dar es Salaam amevisikia kwa jirani yake Mchaga tangu utotoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha kwa bei moja iliyo wazi: chumba siku tatu, gari la Noah kwenda na kurudi Jumapili alasiri, na chakula cha jioni. Mwenye gesti, mwenye gari na mama lishe wanaweza kukubaliana wenyewe bila kusubiri kampuni ya utalii.

Tofauti na Desemba nayo iwekwe akilini. Desemba barabara ya Moshi hujaa wenyeji wanaorudi kula Krismasi. Hao wananunua mbuzi, saruji na mabati, lakini wanalala kwa mama zao. Mgeni wa mbio hana mama Moshi. Kila usiku wake na kila sahani yake ni mauzo ya mtu fulani.

Mwenye meza naye

Wadogo zaidi nao wana fungu lao, ili mradi walete kinachotakiwa. Viatu vipya vya mbio havitoki, kwa kuwa hakuna mkimbiaji mwenye akili anayejaribu kiatu siku hiyo. Vinavyotoka ni vitu vya kusahauliwa nyumbani: soksi, kofia, pini za kubania namba kifuani, mafuta ya mgando, dawa za kuchua. Ndizi mbivu zinatakiwa sana, lakini mkungu mbichi ulionunuliwa Ijumaa hautamsaidia mtu Jumapili. Ununuliwe mapema uive kwa wakati. Wauza mitumba wa Kiboriloni wanaweza kuchambua nguo za michezo wiki nzima na kuzitoa Jumamosi, siku ambayo mgeni amefika na hana kazi.

Chai ni nafasi nyingine. Mkimbiaji anataka kula saa kumi na moja alfajiri, wakati hoteli nyingi ndogo bado zimefungwa. Mama lishe atakayekubali kuamka saa tisa atauza uji, mkate na chai peke yake. Mzigo wake uwe umeingia tangu Jumamosi, kwa sababu Jumapili asubuhi barabara za mji ni za wakimbiaji na gari la bidhaa halipiti. Ndani ya viwanja, kama ilivyo katika michezo yenye wadhamini, nafasi nzuri hutangulia kwa wenye jina. Mdogo asipoteze muda kuzigombea. Biashara yake iko njiani, kwenye gesti na kwenye kituo cha mabasi.

Kwa wawekezaji

Mwekezaji mdogo naye awe na kiasi. Kujenga gesti mpya Moshi kwa kutegemea mwisho wa wiki ya mbio ni kujenga kwa siku mbili kati ya 365. Atazame kwanza vyumba vya jirani vinavyojaa Mei. Vivyo hivyo kwa mwenye kununua hisa. Bia ya Kilimanjaro imebeba jina la mashindano haya kwa miaka mingi, na mtengenezaji wake, Kampuni ya Bia Tanzania, iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Lakini mauzo ya mji mmoja kwa Jumapili moja hayawezi kuonekana katika gawio. Fedha za mbio ni za gesti, Noah, jiko na meza. Ni uwekezaji wa maandalizi zaidi kuliko wa majengo.

Moshi isidhani kwamba itabaki na wageni hawa daima. Mwanza ina Rock City Marathon, Karatu ina Ngorongoro Marathon, na Kenya ina mbio za Lewa zilizoanza mwaka 2000. Mkimbiaji wa kujifurahisha ana miguu miwili na nauli moja, na ataipeleka alikopokewa vizuri. Mlima hauhamishiki, lakini mteja anahama.

Mji huu ndio uliokuwa kitovu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933. Wakulima wale walielewa kwamba mwenye kilo chache akiuza peke yake hupangiwa bei na mnunuzi. Wenye gesti wa Majengo, Soweto na Njoro wanaweza kukaa pamoja Oktoba, wakaweka bei zao ukutani, wakakubaliana kwamba chumba kilichopokelewa arubuni hakiuzwi tena kwa mtu mwingine. Kikao hicho kinahitaji alasiri moja na kitabu kimoja cha risiti. Biashara ni asubuhi, na kwa mbio za Februari asubuhi yake ni Oktoba.