Vijiti Vinne Vyatudanganya

Wasee, tuache kujipa moyo na vijiti vya netiweki. Hapa Waa simu yaonyesha vijiti vinne, 4G imekaa pale juu, na video ya sekunde 30 yazunguka tu. Vijiti vyapima nguvu. Nguvu si ubora! Matatu ya Likoni yaweza kupasua spika mtaa mzima usikie na usishike neno hata moja.

Watengenezaji chipu walishalijua hili. Ndani ya seva kuna kichipu chaitwa ritaima: chapokea data iliyochoka njiani, chaisafisha, chaituma upya. Kwenye PCIe 5.0 ni biti bilioni 32 kwa sekunde kila njia. Na hakitosheki na nguvu, chapima "jicho". Chukua mawimbi ya biti nyingi uyapange moja juu ya jingine, katikati pabaki uwazi kama jicho. Likiwa wazi, 1 na 0 zatambulikana. Likifumba, makosa matupu. Urefu wake ni milivolti, upana pikosekunde, na hupimwa humo humo ndani ya chipu.

Sasa mtambo wajikagua hivyo, mimi mlipa bando naonyeshwa katuni ya vijiti? Na simu inajua! Pakua programu ya kupima netiweki uone SINR, namba ya ubora. Imefichwa tu.

Msinambie kebo iko mbali, TEAMS imetua Mombasa tangu 2009, hapo ng'ambo ya feri. Mamlaka ya Mawasiliano iwalazimishe waiweke SINR pale juu, pembeni ya betri.