Msingi kwanza, itemu baadaye

Kila mwaka, juri ya taifa ya wanafunzi wa ITM inapokaribia, soko ya fotokopi inafunguka hapa Manono. Mafungu ya itemu, majibu ya miaka iliyopita, vikaratasi vya "maswali yatakayotoka mwaka huu". Mzazi ambaye ameshinda shimoni akitafuta kasiteriti anatoa feza ya wiki nzima, mtoto anarudi nyumbani na karatasi kilo moja. Sisi wa sindika tunasema wazi: feza ile inapotea. Na kwa mtoto mwenye msingi dhaifu, inapotea mara mbili.

Watu watauliza: sindika ya wachimbaji inatafuta nini katika masomo ya uganga? Jibu liko pale shimoni. Udongo ukituangukia, hatuwezi kungoja daktari wa Kalemie, barabara ile tunaijua, zaidi wakati wa mvua. Anayetupokea ni infirmie A2 wa kituo cha afya, mara nyingi mtoto wa jirani. Kama alipita juri kwa kukariri herufi, a, b, c, d, sisi njo tutakuwa wa kwanza kulipa.

Msingi dhaifu si akili kidogo, tusiwatukane watoto. Wengi wanaoingia ITM leo walikuwa wadogo sana wakati wa vita ya Watwa na Waluba, 2016 na 2017, wakati vijiji vilichomwa na watu wakakimbilia makambi. Masomo yalikatika. Waliporudi, walikuta darasa moja na watoto mia moja, maana toka 2019 masomo ya msingi ni ya bure lakini vyumba havikuongezeka. Kisha ghafla kila kitu kinageuka Kifaransa. Mtoto anaijua homa, ameiona nyumbani toka kuzaliwa, lakini swali likimwambia "toutes ces réponses sont exactes, sauf une", neno moja dogo, sauf, linamwangusha. Hakukosa uganga pale. Alikosa neno.

Na hesabu? Hapo njo tunaogopa. Munganga anaandika: seramu litri 1 katika saa 8. Perfuzeri ya kawaida inatoa matone 20 kwa mililita 1. Litri ni mililita 1000, kwa hiyo matone 20.000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Perfuzeri ndogo ya watoto inatoa matone 60 kwa mililita. Mtu akihesabu kwa ile ya 60, kisha akafunga ile ya 20, mtoto mchanga anapokea maji mara tatu. Ile si itemu ya kukosa, ile ni maiti. Na hakuna fotokopi hata moja inayofundisha kugawanya.

Kwa hiyo buku ya kwanza ya kutafuta haina hata jina la uganga juu yake. Ni buku ya hesabu ya mwaka wa 6 wa msingi, ile ya mdogo wake. Mwezi mmoja: kuzidisha, kugawanya, desimali, gramu na miligramu, kanuni ya tatu. Mtoto wa miaka 18 atasikia haya, wenzake watamcheka. Acha wacheke. Pamoja nayo, kaye moja ya maneno: upande huu Kifaransa, upande huu Kiswahili au Kiluba. À jeun, bila kula. Diurèse, mkojo unaotoka. Maneno kumi kwa siku, ni paka hivyo.

Kisha uganga wenyewe. Kuna buku ya David Werner, iliyotoka mara ya kwanza kwa Kihispania huko Mexico mwaka 1973, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Iliandikwa kwa watu wa vijiji, ina picha, na inaeleza kwa nini mtoto anayeharisha anakufa kwa kukosa maji. Mtoto aisome kwa kufahamu, si kwa vipimo vya dawa, maana nakala nyingi ni za zamani. Kwa vipimo, MSF inatoa mabuku yake bure kwa Kifaransa, Guide clinique et thérapeutique na Médicaments essentiels. Yanaingia katika telefone na yanasomeka bila intaneti. Zaidi ya hayo, kila mwanafunzi anayefanya staji anapita mbele ya ordinogramme za kituo cha afya bila kuzitazama. Zile karatasi zinamwambia hatua kwa hatua: dalili hii, fanya hivi, dalili ile, peleka lopitali. Ni mali ya bure, azinakili kwa mkono wake.

Angalizo juu ya silabusi za wakubwa. Ile ambayo dada alisomea inaweza kuwa imekufa. Kuna zinazofundisha bado kwamba palu kali dawa yake ya kwanza ni kinini, wakati OMS ilisema artesunate ya sindano toka 2006 kwa wakubwa na 2011 kwa watoto. Mbele ya kulipa buku yoyote, fungua ukurasa wa kwanza utafute mwaka.

Itemu za zamani? Zina nafasi, miezi miwili ya mwisho, na kila jibu lililokosewa limrudishe mtoto kwenye buku.

Kuna wanaosema: muda ni mfupi, kurudi nyuma ni aibu. Mwaka 1960, inchi hii ilipopata uhuru, haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Ilikuwa na assistants médicaux, watu wazima, wamekata na kushona wagonjwa kwa miaka. Karibu 60 wao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa OMS, wakakaa tena kwenye banki ya masomo pamoja na vijana, wakatoka madaktari. Hakuna aliyewapa itemu wakariri.

Sasa feza. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inataka kompani inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na tena iandikiane nao cahier des charges. Lithium yetu ilianza kugombaniwa mahakamani mbele ya kuanza kuchimbwa, hata hivyo siku ya kuandikiana inafika, na tunajua kitakachopendekezwa: tisheti, kofia, uwanja wa mpira. Sisi tutadai iandikwe: mabuku 20 ya kila aina, pano moja ya jua, na mwalimu wa hesabu analipwa kwa jioni mbili za wiki. Yote pamoja haifiki bei ya jipu moja ya wakubwa.

Tukingoja hiyo, chumba cha ofisi yetu kiko wazi jioni, toka saa 12 mpaka saa 3. Taa iko, banki ziko, mabuku njo yanakosa. Mwenye buku ya hesabu ya mwaka wa 6 ambayo mtoto wake amemaliza, ailete.