MATANGAZO YA DAWA KATIKA GAZETI LETU



Mwezi uliopita mfanya biashara mmoja wa dawa alitaka kununua ukurasa wetu wa mwisho kwa muda wa mwaka mzima, naye alikuwa tayari kulipa fedha zote mbele. Dawa yake, kwa maneno yake mwenyewe, yaponya kisukari, shinikizo la damu na utasa. Halmashauri ilimkatalia. Baadhi yenu mmetuletea barua mkiuliza kwa nini twakataa fedha, hali stensili, wino na karatasi vyanunuliwa kwa michango yenu. Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu.

Hatudharau fedha za matangazo. Gazeti lisilo na hazina nyuma yake halikosi taabu. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali. Bali Bwana Erica Fiah, alipoanzisha Kwetu katika Dar es Salaam mwaka 1937, hakuwa na hazina kama hiyo.

Walakini gazeti letu laandikwa na makarani wa hospitali, na nakala zake huachwa juu ya meza katika vyumba vya kuandikishia wagonjwa. Mgonjwa aliyeketi bench tangu alfajiri, akiliona tangazo hilo chini ya jina la chama chetu, hatasema kuwa ni neno la mfanya biashara. Atasema hospitali imenena. Atainunua dawa, ataacha vidonge vyake vya kisukari, na baada ya miezi michache sisi ndio tutakaolitoa tena jalada lake kabatini, akiwa na kidonda cha mguu kisichopona. Tena katika Tanzania tangazo la dawa lahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tulimwomba bwana huyo atuonyeshe kibali chake. Hakurudi.

Fundi wa nguo, mwenye duka la vitabu, mwenye vyumba vya kupangisha, hao wote twawakaribisha.

Sasa juu ya makala. Tunayoletewa mengi ni pongezi na salamu za kuagana, nayo ni mema, ila hayamfundishi karani mgeni kazi yake. Mwenzetu mmoja alituandikia mistari 20 tu, akieleza jinsi fomu za bima zilivyopungua kurudishwa kwake tangu alipoanza kutazama sahihi ya daktari, tarehe na namba ya uanachama kabla mgonjwa hajaondoka dirishani. Makala ya namna hiyo ndiyo tuyatakayo.

Mwingine alieleza habari za mama mmoja mgonjwa. Jina hakulitaja, lakini alitaja kijiji, kazi yake na idadi ya watoto wake. Jirani yeyote angalimtambua mara moja. Hatukuyachapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata kama isingalikuwako, karani aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la majalada hana ruhusa ya kulifungua gazetini.

Makala yaletwe kabla ya tarehe 20, yakiwa yameandikwa upande mmoja wa karatasi. Toleo hili lina kurasa 6 badala ya 8.