Fungu la Vibua

Ukitaka kujua ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, inafika wapi, nenda pwani ya Msasani, Dar es Salaam, asubuhi, ngalawa zinapoingia. Siku za ukata mama huondoka na vichwa vya samaki vya kutia mchuzi. Ruzuku ikitoka hununua fungu zima la vibua, akawaparua palepale kwa kisu butu, mtoto mgongoni; dukani hulipa deni la unga na kuchukua lita ya mafuta badala ya kupimiwa kidogo kidogo kwa bei ya kuumiza. Wanaosema maskini akipewa fedha atainywea pombe wanawakosea sana akina mama hawa. Mpango wa TASAF unaotoa ruzuku hiyo, wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza 2012 baada ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, hulipa kila baada ya miezi miwili, na huitaka kaya impeleke mtoto kliniki, anakopimwa uzito. Sharti hilo naliunga mkono. Kinachonikera ni hiyo miezi miwili: vibua na mchicha haviwezi kuvutwa hadi wiki ya nane, na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kungojea. Kiasi kibaki kilekile, lakini kigawanywe kila mwezi, na kisichelewe.