Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari



Neno la leo ni gumu kidogo, lakini ninyi ni familia, kwa hivyo nitasema.

Kuna mzaha tunaoupenda sana sisi watu wa Roho. Tunasema Wabaptisti ni baridi. Hawaneni kwa lugha, ibada inaisha saa sita kamili, kila jambo lazima lipigiwe kura. Tunacheka. Tukimaliza kucheka, tujibu swali hili: makanisa yetu yamewatuma wamisionari wangapi nje ya nchi, ambao leo wanakula, wanalipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto kwa sadaka zetu?

Kimya.

Wabaptisti wa Kusini wa Marekani wana zaidi ya 3,000. Hawana papa wala askofu mkuu wa kuwaamuru. Kila kanisa linajitawala, na hakuna ofisi inayoweza kulilazimisha kutoa hata senti moja. Sasa wanafanyaje?

Walijifunza kwa uchungu. Zamani kila shule na kila bodi ya misheni ilituma mtu wake kuzunguka makanisani akiomba. Aliyejua kusema sana ndiye aliyeondoka na kapu kubwa. Mwaka 1919 wakaanzisha kampeni ya dola milioni 75. Ahadi zikapita milioni 92, watu wakashangilia! Kufikia mwisho wa 1924 zilizoingia zilikuwa kama milioni 58, na tayari bodi zilikuwa zimetumia kwa kutegemea zile ahadi. Wakabaki na madeni. Nani hapa hajawahi kuona harambee ya namna hiyo?

Mwaka 1925, wakiwa Memphis, wakaanzisha Mpango wa Ushirikiano. Kila kanisa linaamua lenyewe asilimia ya sadaka ya kutuma. Fedha inaenda kwanza kwenye umoja wa makanisa wa jimbo. Jimbo linabaki na sehemu ya kazi yake, nyingine inapelekwa kwenye mfuko wa kitaifa. Katika mfuko huo takriban nusu inaenda kwa wamisionari wa nchi za nje, na inayobaki inagawanywa kati ya misheni za nyumbani, vyuo 6 vya kufundisha wachungaji na gharama za ofisi. Wajumbe wa makanisa hukutana kila mwaka na kuipigia kura bajeti hiyo. Mchungaji wa kanisa dogo la kijijini anaweza kusimama mbele ya kipaza sauti na kuuliza, "Pesa yetu ilienda wapi?"

Na si bajeti tu. Lottie Moon alikwenda China mwaka 1873, akawa anaandika barua nyumbani akiomba wasaidizi. Krismasi ya 1888 akina mama wakachanga, wakapata zaidi ya dola 3,000, zikatosha kutuma wamisionari watatu. Sadaka hiyo ya Krismasi sasa ina jina lake, na miaka ya karibuni imepita dola milioni 200 kwa mwaka. Yote inaenda misheni. Haba na haba, wapendwa.

Najua kuna mtu anasema, "Pasta, hao pia wana dhambi zao." Ni kweli. Umoja huo ulizaliwa 1845 kwa sababu walitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari, na hawakuomba msamaha rasmi mpaka 1995. Mwaka 2022 ripoti ilionyesha jinsi viongozi walivyowapuuza watu waliodhulumiwa kingono makanisani. Mfumo mzuri wa fedha haumwoshi mtu moyo. Hiyo ni kazi ya damu ya Yesu.

Hata wizi waliupata. Mwaka 1928 iligundulika kwamba mhazini wa bodi yao ya misheni ya nyumbani ameiba zaidi ya dola 900,000. Je, walisema, "Msimguse mtiwa mafuta"? La. Alifungwa jela. Makanisa yakachanga, yakaendelea kulipa madeni mpaka yakaisha mwaka 1943. Mwizi anaweza kuingia popote, lakini penye daftari atajulikana.

Mwingine anasema, "Roho Mtakatifu hafanyi kazi kwa kamati." Soma Matendo 6. Watu waliponung'unika kuhusu chakula cha wajane wao, mitume hawakukemea pepo la manung'uniko. Waliwaambia waumini wachague watu saba waliojaa Roho, wakawapa kazi ya meza. Soma 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo, pamoja na upako wake wote, hakukubali kubeba mchango peke yake. Alitaka wasafiri naye watu waliochaguliwa na makanisa, mtu asipate la kumlaumu. Je, sisi tumemzidi Paulo kiroho?

Kwetu sadaka ya misheni inaishia kwenye namba ya M-Pesa ya mtu mmoja. Tunamwekea kijana mikono, tunamtuma Turkana kwa shangwe, na baada ya miezi mitatu anaomba nauli ya kurudi kwenye kundi la WhatsApp. Halafu tunasema imani yake ilikuwa ndogo. Hapana! Imani yake ilikuwa kubwa. Ahadi zetu ndizo zilikuwa za mdomo.

Basi Jumapili hii, popote unapoabudu, uliza kwa heshima mambo matatu. Ni asilimia ngapi ya sadaka yetu inatoka nje ya kuta hizi? Nani mwingine, zaidi ya mchungaji, anaiona akaunti? Hesabu itasomwa lini mbele ya kanisa? Ukiwa wa kanisa langu, anza na mimi. Kuuliza si uasi. Mchungaji anayekulaani kwa sababu ya hesabu, mwombee, lakini usimpe namba yako ya siri.

Moto tunao. Tutafute na daftari.

Kama umepokea, andika Amina, kisha umtafute mhazini.