Moto ukiwaka msituni, nani aitwe kwanza?

Kila mwaka kati ya Juni na Oktoba nyasi za Arash hukauka zikawa rangi ya simba. Upepo hushuka kutoka milimani, mabonde hukosa umande, na mti wa mtarakwa uliosimama miaka mingi huwa kuni iliyo tayari. Katika majira hayo cheche moja ya mrina asali, ya mkulima anayesafisha shamba au ya msafiri aliyeacha jiko la mawe bila kulizima yatosha kuleta msiba. Mtume Yakobo alipotaka kueleza madhara ya ulimi alitumia mfano wa moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Wenyeji wa Loliondo, wa nyanda za juu za Ngorongoro na wa Karatu wameyaona hayo kwa macho yao.

Tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali moja: moto wa msitu unapozuka, ni akina nani wanaohusika kuukabili, na je, wanakutana kabla ya moto au wanakutana ndani ya moshi?

Wa kwanza ni mchungaji, mara nyingi kijana mwenye fimbo na kibuyu cha maziwa, ambaye huuona moshi kabla ya mtu mwingine yeyote. Baada yake hufuata boma lake, majirani na serikali ya kijiji. Hawa huja na matawi mabichi, mapanga na majembe. Wanajua upepo wa jioni unaelekea wapi, korongo lipi lina maji na ng'ombe waondolewe kwa njia ipi. Pamoja nao wapo viongozi wa mila, malaigwanani, ambao neno lao huwakusanya vijana wa rika zima kwa muda mfupi kuliko barua yoyote.

Kundi la pili ni walinzi wa maeneo yaliyohifadhiwa. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro inasimamia eneo lake pamoja na msitu wa nyanda za juu za kaskazini, unaoshuka kuelekea Karatu na kuvitunzia maji vijiji na mashamba yaliyo chini yake. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania unahusika na misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu, na Shirika la Hifadhi za Taifa linaitunza Serengeti, jirani yetu wa magharibi. Hawa wana askari waliofunzwa, magari na redio za mawasiliano.

Kundi la tatu ni Serikali katika ngazi zake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia Taifa na mkoa hadi wilaya, kata na kijiji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupokea taarifa kwa namba 114, na Polisi hulinda watu na mali zao. Lakini magari ya zimamoto yalibuniwa kwa ajili ya miji yenye barabara. Katika mteremko usio na njia, silaha kubwa inabaki kuwa mikono ya watu wengi na njia za kuzuia moto zilizofyekwa mapema.

Kundi la nne husahaulika mara nyingi: waendesha utalii, walimu, wahudumu wa afya na taasisi za dini. Kanisa limo katika kundi hili. Hospitali zetu za Wasso na Endulen zimewahudumia watu wa eneo hili kwa miongo mingi, na aliyeungua au kuvuta moshi mwingi huko malishoni atapelekwa katika vitanda kama hivyo.

Funzo kubwa tunalipata Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, mahali wanapopumzika wapanda mlima wanaotoka kituo cha Mandara kwenda Horombo. Upepo na ukavu viliusambaza kwa siku nyingi, na zaidi ya kilomita za mraba 95 za hifadhi ziliteketea. Waliopanda kuuzima walikuwa mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, vikosi vya Serikali na wananchi wa vijiji vya chini ya mlima. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, na wananchi wakapanda tena. Mlima mashuhuri kuliko yote barani Afrika uliokolewa kwa kiasi kikubwa na watu waliokwenda kwa miguu. Kama ni hivyo Kilimanjaro, penye barabara na vyuo, itakuwaje Arash?

Hapa ndipo tunapogusa jambo zito. Wafugaji wa Kimaasai waliutumia moto tangu zamani kama chombo cha kazi. Walichoma nyasi kuukuu kwa wakati na mahali palipochaguliwa, ili kupunguza kupe na kupata majani mapya. Baada ya Hifadhi ya Ngorongoro kuanzishwa mwaka 1959, desturi hiyo ilibanwa na hatimaye kupigwa marufuku. Wataalamu wa mazingira wameandika kwamba katika nyanda za juu majani magumu yasiyoliwa na mifugo yalienea. Katika miaka ya 2000 na 2001 maradhi yaenezwayo na kupe yaliua nyati wengi katika kreta, na baadaye uchomaji wa kudhibitiwa ukarejeshwa humo na wahifadhi wenyewe. Ujuzi wa wazee haukuwa ujinga, ingawa pia si kila moto wa mfugaji ni wa busara, kwani ukame wa siku hizi hausamehe kosa dogo.

Aidha, si siri kwamba katika tarafa ya Loliondo neno moto lina kumbukumbu chungu. Mwaka 2009 na tena mwaka 2017 maboma ya watu yalichomwa wakati wa operesheni za kuwaondoa wafugaji katika ardhi inayobishaniwa, na Arash ni miongoni mwa vijiji vilivyoguswa. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 zilitengwa kuwa eneo la Pololeti, na shauri la ardhi hiyo limefikishwa hadi Mahakama ya Afrika Mashariki. Hatukusudii kuamua shauri hilo katika ukurasa huu. Tunauliza tu kama wachungaji wa roho: kijana anayeuona moshi ndani ya mpaka asioruhusiwa kuuvuka, je, atakimbia kutoa taarifa, au atakaa kimya akiogopa kwamba yeye ndiye atakayeshikwa kama mchomaji? Hofu hiyo ikimchelewesha kwa saa moja tu, moto wa ukubwa wa ua utakuwa wa ukubwa wa kijiji.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia mwanga. Papa Pio XI, katika Waraka wake wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno, alifafanua kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda vema, jumuiya kubwa isilinyakue, bali iisaidie. Kanuni hii huenda pamoja na mshikamano, ili mdogo asiachwe peke yake panapozidi nguvu zake. Naye Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alifundisha kwamba jamii asilia zinapaswa kuwa wadau wakuu wa majadiliano pale ardhi yao inapohusika. Kwa lugha ya moto maana yake ni hii: anayeitwa kuuzima aitwe pia kupanga.

Tunashauri basi mambo machache. Kabla ya Juni, kamati ya maafa ya kijiji ikutane na malaigwanani na maofisa wa hifadhi, wakubaliane nani anampigia nani simu, njia zipi zifyekwe na maji yatoke wapi. Ahadi itolewe hadharani kwamba mtoa taarifa hatahesabiwa mtuhumiwa kwa sababu tu alikuwa wa kwanza kufika. Wanaokwenda kuzima wapewe maji, chakula na viatu, na wanaorudi na majeraha wasiachwe na gharama zao. Na baada ya moto, familia iliyopoteza malisho isaidiwe mapema, kwa sababu njaa ya mifugo haingoji kikao.

Kwa upande wetu, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi yake. Mtandao wa simu haufiki kila bonde, lakini kengele ya kigango husikika na katekista anafahamika katika kila boma. WAWATA na VIWAWA wanaweza kuweka akiba ya maji na kupanga zamu za kuwasaidia wazee na watoto. Tangazo la tahadhari ya moto, likisomwa baada ya Komunyo katika Dominika za kiangazi, halimgharimu Paroko hata dakika mbili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliuita moto ndugu. Ndugu huheshimiwa, na pia huonywa. Tumwombe Mungu atujalie mvua kwa wakati wake, na atujalie kuaminiana kabla ya moshi kupanda, maana huko malishoni kuaminiana ndiko kutakakomfanya yule kijana akimbie kuomba msaada.